Kuchangia sanaa ya vijana wilayani: mlipe mwalimu kwanza, ngoma baadaye

Ukimuuliza mtu wa Kampala sanaa iko wapi, hakawii kukuonyesha. National Theatre ipo tangu 1959, Nommo Gallery iko Nakasero, Ndere Centre iko Ntinda, na wanaosomea uchoraji na uchongaji wako Makerere, kwenye shule aliyoianzisha Margaret Trowell miaka ya 1930. Yote hayo yako ndani ya mji mmoja. Kijana wa Arua yuko karibu kilomita 500 kutoka hapo, na wa Kaabong au Kisoro naye ana safari ya siku nzima.

Hata hivyo, ngoma nyingi zinazopigwa kwenye majukwaa ya Kampala zilizaliwa huko huko mbali. Adungu, kinubi cha nyuzi, ni ya Waalur wa Nebbi na Pakwach. Akogo, ala ndogo inayopigwa kwa vidole gumba, ni ya Teso. Bigwala, matarumbeta ya vibuyu ya Busoga, iliwekwa na UNESCO mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na muziki wa o'di, ala ya nyuzi ya Wamadi, ukafuata mwaka 2016. Kwa hiyo unapochangia, usidhani unapeleka sanaa mahali pasipo nayo. Unalipia mambo ambayo wilayani hayana mtu wa kuyalipia: mwalimu wa kila wiki, nauli, na matengenezo.

Haya ninayoandika ni kwa mtu wa kawaida: mwenye mshahara, mwenye duka, au ndugu aliye nje ya nchi anayetaka kutuma kitu nyumbani. Mashirika makubwa yana wataalamu wao.

Hatua ya kwanza: chagua kikundi kimoja, kile kinachokutana tayari

Anza na sehemu unayoijua, au ambako una mtu unayemwamini. Kikundi kimoja, gombolola moja, yaani tarafa ndogo ndani ya wilaya. Anayetaka kusaidia Karamoja nzima, West Nile nzima na Rwenzori nzima kwa laki tano huishia kununua fulana.

Kwenye kila gombolola kuna afisa maendeleo ya jamii. Yeye ndiye anayejua vikundi vilivyoandikishwa, vinavyofanya kazi na vile vilivyobaki jina tu. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, naye atakuambia ngoma inasikika wapi jioni. Njia nyingine ni kumuuliza fundi wa ala. Anayechonga adungu anajua ni kikundi gani huja kubadilisha nyuzi mara kwa mara, na kikundi kinachokata nyuzi ni kikundi kinachopiga.

Mimi napendelea kikundi kilichokuwa kinakutana kabla ya mtu yeyote kutaja pesa. Pima kwa swali moja: "Mlikutana lini mara ya mwisho?" Wakianza kukueleza mipango ya mwakani, endelea kutafuta.

Kuhusu shule, lazima uelewe mashindano ya MDD, yaani muziki, dansi na maigizo. Wizara ya Elimu huyaendesha, na shule hupanda ngazi kutoka wilaya hadi mkoa hadi taifa. Ni jambo zuri, na kwa watoto wengi ndiyo mara yao ya kwanza kusimama jukwaani. Lakini angalia yanavyokwenda: shule inamkodi mkufunzi wiki chache kabla ya mashindano, wanachaguliwa watoto wanaojua tayari, wengine wanarudishwa darasani, wanashindana, wanarudi na kikombe au bila kikombe, na ngoma zinafungiwa stoo mpaka mwaka unaofuata. Ukiombwa kuchangia MDD, changia, lakini uliza baada ya mashindano nini kitaendelea, na kama mtoto ambaye hakuchaguliwa ana mahali pa kujifunzia. Mkufunzi huyo huyo akilipwa kidogo kidogo mwaka mzima atawafikia watoto wengi zaidi kuliko akilipwa kwa mkupuo wa wiki tatu.

Ukitaka kusaidia kwenye makazi ya wakimbizi, kama Nakivale au Kyangwali, Kiswahili kitakufikisha mbali, hasa kwa Wakongo. Ila shughuli huko zinahitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Usijipeleke tu na mkoba uliojaa rangi za kuchorea. Pitia kikundi cha wakimbizi wenyewe ambacho ofisi hiyo inakijua.

Hatua ya pili: uliza maswali yanayojibika

Simu ya kwanza karibu kila mara huenda hivi:

"Mwalimu, habari za huko?"

"Nzuri, ndugu yangu. Watoto wapo, tunashukuru."

"Nataka kuwasaidia kidogo. Mnahitaji nini?"

"Aa, chochote utakachopata. Hata kidogo. Mungu akubariki."

Hilo ni jibu la adabu, na mtu mstaarabu hatakupa jingine. Usimlaumu. Badilisha swali. Jumamosi iliyopita walikuja wangapi? Wasichana wangapi? Nani aliwafundisha, na alifikaje? Walikaa saa ngapi? Kuna ala gani, na ipi haifanyi kazi? Ufunguo wa stoo anao nani?

Hilo la ufunguo si mzaha. Shule nyingi zina ngoma nzuri kabisa, zimefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu Ijumaa jioni hupanda takisi kwenda kwao. Watoto wanakuja Jumamosi wanapiga madebe. Hapo huhitaji kununua ala yoyote. Unahitaji barua ya kamati ya shule inayomruhusu mtu mmoja wa karibu kushika ufunguo wa pili, na kufuli jipya.

Hatua ya tatu: andika bajeti ya muhula mmoja

Mwaka wa shule hapa una mihula mitatu. Fanya hesabu ya muhula, kwa sababu mwalimu mwenyewe hupanga maisha yake hivyo, na kwa sababu ni muda ambao mtu wa kawaida anaweza kutoa ahadi na kuitimiza.

Chukua mfano wa kikundi cha watoto thelathini kinachokutana Jumamosi kumi na mbili. Mwalimu wa ngoma analipwa shilingi 30,000 kwa siku: 360,000. Bodaboda yake, kwenda na kurudi, 10,000: 120,000. Uji wenye sukari na karanga, pamoja na kuni, 15,000 kwa siku: 180,000. Nyuzi, ngozi na matengenezo, 60,000 kwa muhula. Jumla ni 720,000. Bei zitatofautiana kati ya Kasese na Moroto, na huyo mwalimu umuulize mwenyewe anataka ngapi, lakini uwiano ndio wa kuangalia: nusu nzima ya pesa inakwenda kwa anayefundisha. Ukiona bajeti ambayo fulana, bango na "uzinduzi" vimechukua sehemu kubwa kuliko mwalimu, irudishe.

Watu hushtuka wakiona uji. Wanasema wao wanachangia sanaa, si chakula. Mtoto aliyeamka alfajiri kuchota maji, akapalilia, kisha akatembea kilomita nne, hachezi bwola, ngoma ya Waacholi, kwa saa mbili akiwa na njaa. Uji usiuondoe. Ikibidi kupunguza, punguza idadi ya Jumamosi.

Jambo jingine linalokula pesa ni safari ya Kampala. Kila kikundi kinaitamani, na wachangiaji wanaipenda kwa sababu ina picha nzuri. Basi la watoto kumi kwenda na kurudi, malazi, chakula na walezi wawili linaweza kumeza muhula mzima wa watoto thelathini. Kwa pesa hiyo ningemleta msanii mmoja kutoka mjini akae na kikundi wiki nzima, alale kwa mwalimu, afundishe kila jioni. Kikundi kikiwa kimesimama vizuri kwa mwaka mmoja au miwili, hapo safari ina maana.

Hatua ya nne: vitu vinunuliwe karibu, na kwa fundi

Tuitazame adungu kwa karibu. Ni boksi la mti uliochimbwa, limefunikwa kwa ngozi ya ng'ombe, na shingo ya mti iliyopinda inayotokea upande mmoja. Nyuzi, siku hizi za nailoni kama za kuvulia samaki, zinatoka kwenye ngozi hadi kwenye vigingi vya shingoni, na mpigaji huzungusha kigingi kupandisha au kushusha sauti. Kikundi kamili kinataka ndogo, ya kati na lile kubwa la besi. Mvua ikianza ngozi inalegea na sauti zote zinashuka. Kiangazi ngozi inakaza, hata kupasuka. Ikiachwa chini sakafuni, mchwa wanaanza na boksi. Kigingi kikilegea, mtoto anaweka kipande cha kitambaa, na wiki inayofuata kinalegea tena.

Kwa hiyo ukinunua adungu bila kumlipa fundi wa kuja mara moja kwa muhula, umenunua kitu cha miezi michache. Mkataba mzuri na fundi ni huu: bei ya ala, pamoja na kuja kuirekebisha mara mbili ndani ya mwaka, na kuwafundisha vijana wawili wakubwa kufunga uzi na kubadilisha kigingi. Mara nyingi hao wawili ndio watakaokuwa mafundi wa kesho pale kijijini, na ni kazi inayolipa.

Ndugu zetu wa nje hupenda kutuma kinanda cha umeme kilichotumika. Moyo ni mzuri. Ila kuna usafirishaji, kuna ushuru wa forodha, kuna wakala wa kukitoa, na kikifika shuleni hakuna umeme, au upo na spika haipo. Thamani ya huo mzigo ingenunua seti ya ala hapa hapa na kumlipa mwalimu.

Kwa uchoraji mambo ni rahisi zaidi. Karatasi za manila, penseli, rangi za maji na brashi hupatikana kwenye maduka ya vitabu ya mji wowote wa wilaya. Makaa ya jikoni huchora vizuri. Pale Buganda na maeneo ya jirani kuna kitambaa cha gome la mutuba, ufundi ambao UNESCO iliutambua mwaka 2005, na vijana hukitumia kushonea na kuchorea. Maigizo yanahitaji kivuli na watu wa kutazama, basi. Na kama mnatafuta ukumbi, msisahau kibanda cha filamu: kina mabenchi, mara nyingi kina sola au jenereta, na asubuhi kiko kitupu. Mwenyewe atakubali pesa kidogo.

Hatua ya tano: pesa ipite njia inayoonekana

Pesa za simu ndizo zinazotufaa wengi, MTN au Airtel. Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea kwenye skrini yako. Liwe la mtu mliyekubaliana, si la "shemeji yake mwenye laini". Kumbuka gharama ya kutoa: mbali na ada ya kampuni, serikali hukata asilimia 0.5 ya pesa inayotolewa. Kwenye 720,000 hiyo ni 3,600. Ni kidogo, lakini iandikwe, ili mweka hazina asionekane ana upungufu ambao si wake.

Usitume muhula mzima siku moja. Tuma kwa mwezi. Kiasi cha mwezi kinatosha kazi na hakitoshi kumtia mtu majaribuni, na mwezi wa pili utautuma ukiwa umesikia habari za wa kwanza.

Nani apokee? Kama kikundi kina akaunti ya benki au SACCO yenye watia saini watatu, vizuri. Kama hakina, tazama vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa: wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu tofauti. Kikundi cha sanaa kinaweza kuomba kutunziwa pesa humo. Akina mama hao wanajua kuhesabu mbele za watu, jambo ambalo kamati nyingi za vijana bado zinajifunza.

Ukiona mchango unakua, kisaidie kikundi kijiandikishe wilayani kama kikundi cha jamii, kwa mujibu wa Sheria ya NGO ya 2016. Afisa maendeleo wa gombolola atawaonyesha fomu na katiba inavyoandikwa. Hakuna haja ya kugeuka NGO kamili kwa ajili ya watoto thelathini. Kwa mwenye kampuni: sheria ya kodi ya mapato inaruhusu kupunguza mchango kwenye hesabu, hadi asilimia 5 ya mapato yanayotozwa kodi, lakini tu ukitoa kwa taasisi ambayo URA, mamlaka ya mapato, imeitambua kuwa imesamehewa kodi. Kikundi kidogo cha kijijini hakimo humo. Zungumza na mhasibu wako kabla ya kuahidi.

Kuchanga kwa pamoja

Watu wa Uganda tunajua kuchanga. Tazama vikao vya harusi: kuna mwenyekiti, kuna mweka hazina, kuna kundi la WhatsApp ambalo kila jioni linaonyesha nani kaahidi na nani kalipa. Kanisani kuna mnada ambapo kuku mmoja huuzwa mara tatu. Mtindo huo huo unafaa hapa. Watu kumi na wawili wakitoa 20,000 kila mmoja kwa mwezi, miezi mitatu, mmepata 720,000 ile ile. Panga kwa fedha iliyokwishaingia, si kwa ahadi, na orodha iwekwe wazi kwenye kundi kila mwisho wa mwezi, pamoja na matumizi.

Hatua ya sita: saa, siku na wasichana

Jumamosi niliyoitaja si sheria. Kasese wapo Wasabato wengi, na kwao Jumamosi ni ibada; huko Jumapili mchana inafaa zaidi. Yumbe Waislamu ni wengi, basi Ijumaa adhuhuri iachwe, na Ramadhani msipange mazoezi ya kuruka jua likiwa kali. Siku ya soko nayo watoto wanauza na wazazi.

Wasichana wakipungua, mara nyingi sababu iko kwenye saa. Mazoezi ya saa kumi jioni yanagongana na maji, kuni na kupika, na kurudi nyumbani kunakuta giza. Yahamishe yawe saa nne asubuhi, umlipe mwalimu mwanamke au mama mmoja awe pale muda wote, kisha uhesabu tena baada ya mwezi. Kama choo hakifungiki, tengeneza choo kabla ya kununua mavazi ya ngoma.

Hatua ya saba: ulinzi wa watoto na picha

Hapa sina mjadala. Watu wazima wawili wawepo kila mara, hakuna mazoezi ya mtoto mmoja na mwalimu nyuma ya mlango, na mchangiaji haombi namba ya simu ya mtoto. Wazazi waweke sahihi au dole gumba kabla ya mtoto kujiunga. Namba 116, simu ya bure ya kuripoti udhalilishaji wa watoto, iandikwe ukutani wanapofanyia mazoezi, kwa lugha wanayoisoma.

Kuhusu picha: Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kuchukua taarifa za mtoto. Lakini hata bila sheria, mtoto anayejifunza kuchora hataki kuonekana mtandaoni akiwa peku na machozi ili fulani atoe 50,000. Piga picha ya mikono ikikaza uzi, au ya mchoro wenyewe. Jina la mtoto na jina la kijiji chake yasikae pamoja.

Hatua ya nane: fuatilia bila kumchosha mwalimu

Usimwombe ripoti ya kurasa kumi. Mwalimu wa ngoma si karani, na ripoti ndefu huandikwa na mtu ambaye hakuwepo. Daftari moja la shule linatosha: tarehe, idadi ya wavulana, idadi ya wasichana, walichofanya, pesa iliyotumika, sahihi ya mlezi mmoja. Kila mwisho wa mwezi anapiga picha ukurasa na kuutuma, pamoja na ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Kwenye ujumbe wa sauti utasikia mengi: kelele za watoto nyuma, ngoma iliyolegea, na kama mwalimu anazungumza kwa furaha au amechoka.

Idadi ikishuka, uliza kwanza kabla ya kukata pesa. Inaweza kuwa msimu wa kupanda, ada za shule, au malaria. Ikishuka miezi miwili mfululizo na maelezo hayaeleweki, mpigie mwenyekiti wa LC1 au mlezi aliyetia sahihi, si mwalimu peke yake.

Mwisho wa muhula wafanye onyesho pale pale, uwanjani kwa shule au chini ya mwembe wa soko, wazazi waje bila kiingilio. Baba aliyekuwa anasema ngoma ni kupoteza muda hubadilika akimwona binti yake anaongoza wimbo mbele ya majirani. Tenga pesa kidogo kwa spika ya kukodi na viti vya wazee.

Wiki moja kabla ya onyesho hilo, kaeni kwa simu, wewe, mwalimu na mweka hazina, mpitie daftari na mpange muhula unaofuata. Mwambie mwalimu waziwazi kama utaendelea, kwa kiasi gani, na mpaka lini. Kama hutaweza, mwambie siku hiyo hiyo, ili asikatae kazi nyingine kwa kukusubiri wewe, na kikundi kipate likizo nzima ya kutafuta mtu mwingine.